Upande wa Pili wa Santuri

"Huyo anayeitikia jikoni ni nani?"

Joyceline aliuliza hivyo Jumapili alasiri, sebuleni kwao Korogwe, na mumewe akanyanyua kidole: ngoja wimbo uishe. Wimbo ukaisha, swali likabaki hapohapo. Jikoni hapakuwa na mtu. Palikuwa na beseni la vyombo na harufu ya mkonge mbichi uliosagwa, harufu ya kiwandani kabisa, wakati mtaa ule haujawahi kuwa na hata mmea mmoja wa mkonge.

Shukuru alikuwa fundi wa redio na spika pale stendi. Gramafoni iliyokuwa inapiga wimbo ule aliitoa Handeni, chumbani kwa Bibi Bernadina, bibi yake aliyemlea. Aliibeba bila kuaga, akijiambia anakwenda kuitengeneza, atairudisha. Pamoja nayo palikuwa na santuri moja tu, ya soul, muziki wa Wamarekani weusi: mwanamke anaimba, wenzake wanamwitikia kwa nyuma.

Joyceline alikulia kwenye kwaya na bongo fleva. Soul hakuijua. Mara ya kwanza alisikia mtu aliyefiwa. Mara ya pili akaelewa, na kero ikaanzia hapo, maana mwanamke yule hakuwa analia, alikuwa anadai. Anaanza chini, kama anaongea na mume wake mezani, kinanda kama cha kanisani kinamfungulia njia, anapanda, anashikilia neno moja mpaka unasahau kupumua. Na Shukuru amekaa mbele yake mdomo wazi, macho yamelegea, anautazama ule mduara mweusi unavyozunguka.

"Mimi hujawahi kunitazama hivyo," Joyceline alimwambia.

"Unaionea wivu sahani?"

"Basi leo ikupikie."

Shukuru akacheka, akarudisha sindano mwanzo. Ndivyo alivyofanya siku zote. Upande wa pili hakuwahi kuugusa.

Sasa tuseme haki. Mwanamke anayefundisha darasa zima mchana kutwa, akarudi akapika, akafua, halafu akawa wa kuambiwa "nyamaza, nasikiliza" ndani ya nyumba yake, ana kila sababu ya kuona wivu, hata wa sahani. Ila Joyceline aliogopa kuuharibu upande anaoupenda mumewe, maana angejua jioni ileile. Kwa hiyo mchana mmoja aliigeuza santuri, akachukua msumari, akaukwaruza ule upande usiopigwa, kuanzia ukingoni mpaka kwenye karatasi ya katikati. Akairudisha ilivyokuwa. Moyo ukatulia.

Jikoni mtu akacheka kidogo.

Tangu hapo mwitikiaji akawa anasogea. Siku hii sauti inatoka jikoni, siku ile koridoni, kesho yake iko nyuma ya kiti, na harufu ya mkonge inakuja nayo, nzito, ya maji ya majani yaliyooza, mpaka jioni moja ya mvua Joyceline akahisi pumzi ya baridi shingoni, akataka kumwita mumewe, akafungua mdomo, na kilichotoka mdomoni hakikuwa jina la mumewe, kilikuwa ile sauti yenyewe, ikipanda pale inapopanda, ikishikilia pale inaposhikilia, kwa Kiingereza ambacho yeye nusu yake hakuijua.

Shukuru aligeuka. Akamtazama mkewe vile anavyoitazama gramafoni.

"Kumbe unajua kuimba," alinong'ona. Akarudisha sindano mwanzo.

Aliirudisha na kuirudisha, wiki nzima, bila kuuliza mkewe amejifunzia wapi. Alipoona santuri imenyamaza na Joyceline anaendelea, anaimba amesimama dirishani bila kupepesa macho, ndipo akapiga simu Handeni.

Bibi Bernadina alifika na basi la asubuhi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mke mwenzangu yuko wapi?" Ulikuwa utani wao wa siku zote.

"Nipo, Bernadina," sauti ikajibu kutoka chumbani. "Umezeeka."

Bibi aliacha kutabasamu. Akakaa chini taratibu.

"Huyo ni pepo wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Alinipanda nikiwa msichana, kambini, kule shamba la mkonge. Mimi ndiye nilikuwa kiti chake, mwili anaoukalia. Wakampigia kila ngoma ya kupunga pepo, akazikataa zote. Akataka muziki aliousikia kwenye klabu ya mabwana wa shamba, mpaka babu yako Matayo akaitafuta hiyo santuri. Kila pepo ana ngoma yake, mwanangu. Ya huyu ndiyo hiyo. Upande wa kwanza anapanda, upande wa pili anashuka. Uliugeuza?"

"Sijawahi."

"Geuza."

Sindano ikaruka, ikagonga, ikaruka, ikagonga. Shukuru akaitafuta albamu ileile kwenye simu, akaupiga upande wa pili. Joyceline akatoka chumbani akicheka.

"Hiyo ni picha ya wali. Mimi nataka kula."

"Nani kaukwaruza?" Bibi aliuliza.

"Kiti changu." Mkono wa Joyceline ulipigapiga kifua chake mwenyewe. "Alinionea wivu, akaziba mlango wa kutokea. Na mimi niko ndani."

Bibi alimshika mjukuu wake mkono. "Ivunje. Akiukosa upande wa kwanza atakonda, ataondoka mwenyewe. Ila ukimpigia tena, hata mara moja tu, amehamia, na mkeo humwoni tena."

Shukuru aliiweka santuri juu ya goti, akaibana kwa mikono miwili. Harufu ya mkonge ikakatika ghafla. Joyceline alikuwa ameshika ukuta, jasho linamtoka, macho mekundu, na alipoongea ilikuwa sauti yake kabisa, ile ya kila siku, ya kuomba chumvi mezani.

"Shukuru, ukiivunja hutanitazama hivyo tena. Niwekee upande wa kwanza."