Abiria Ambaye Hakufikishwa

Benchi lilikuwa limelowa, na mvua haikuwa imenyesha tangu msimu uliopita.

Binti wa nahodha aliliona kabla ya mnunuzi. Walikuwa wameshuka hadi chumba cha chini cha abiria ndani ya kivuko, yeye mbele na tambara begani, mnunuzi nyuma akisifia mbao za ngazi. Pembeni kabisa, karibu na mlango wa injini, palikuwa na doa la maji juu ya benchi. Lilikuwa na upana wa mtu mmoja aliyekaa kwa adabu, magoti pamoja. Binti akalipangusa haraka, akaendelea kueleza kwamba madirisha yote ni yale yale ya zamani. Alipogeuka, palikuwa pamelowa tena.

Mnunuzi alikuwa na hoteli upande wa pili wa maji. Alitaka kukipandisha kivuko nchi kavu, wageni wake wakae humo jioni. Alikuwa mtu wa maneno mengi na kicheko cha karibu. Alipoliona doa alisema Bibi kazeeka kweli, hata haja ndogo inamshinda. Binti akacheka ili asimvunje moyo.

Bibi ndilo jina ambalo mji mzima ulikiita kivuko kile, kwa sababu hakuna aliye hai aliyekumbuka siku kilipoanza kazi. Kilivusha maharusi, wagonjwa, walimu na mbuzi, mpaka daraja lilipofunguliwa na wenye kivuko wakakiacha mikononi mwa nahodha wake wa mwisho. Sasa kilikuwa kimefungwa gatini, na ubavuni binti alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: KINAUZWA.

Hakukiuza kwa tamaa. Alikiuza ili abaki na baba.

Kila siku baada ya chai, mzee alishuka gatini, akaingia ndani ya Bibi na kukaa humo mpaka jua lipunge. Alirudi suruali imelowa hadi magotini, ingawa hakuwa amegusa maji, na mikono yake ilikuwa na baridi ya kitu kilichoopolewa kutoka chini. Alinuka tope. Chakula alikidokoa tu. Binti alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yao, mlango wa kwanza ukitoka gatini, ndicho kilikuwa duka lake. Alikuwa amempunguzia baba yake suruali kiuno mara kadhaa, na bado zilimvaa yeye badala ya yeye kuzivaa.

Jioni ile alimwuliza kuhusu benchi. Mzee akaeleza, polepole, kama mtu anayevua nguo iliyoganda mwilini.

Alisema tangu enzi za manahodha waliomtangulia, nafasi ile kando ya mlango wa injini haikukaliwa na mtu. Hata abiria wakibanana kama dagaa, mkata tiketi aliwasogeza. Kila asubuhi, katika safari ya kwanza, pale palilowa. Wazee wa kazi walisema ni jini, lakini jini mstaarabu, asiye na ugomvi na mtu. Alipandia upande huu kila siku, akashukia upande wa pili. Hakuna aliyewahi kumwona akirudi. Wajibu wa nahodha ulikuwa mmoja: kivuko kikigusa ng'ambo, kabla ya abiria mwingine kunyanyuka, ashuke mwenyewe, avue kofia, aliambie benchi, "Tumefika. Karibu ushuke." Benchi lilikauka, na safari zikaendelea salama siku nzima.

"Siku ya kufungua daraja," mzee alisema, "walipanda wakubwa, na bendi, na mapambo. Tulifika katikati, wakahutubia, wakapiga picha. Kisha nikaamriwa nigeuze nirudi."

"Ukageuza."

"Nikageuza, mwanangu. Na yeye alikuwa ameshapanda."

Kesho yake binti alifunga duka akamfuata. Mchana ulikuwa mweupe, watoto wanaoga kando ya gati, na ndani ya Bibi palikuwa na joto la bati. Mzee akaketi mahali pake, mkabala na doa. Binti akaketi kando yake. Mwanzoni hakusikia kitu. Kisha akasikia maji yakipita chini ya sakafu, yakipita kwa kasi, kama yanavyopita chombo kikiwa safarini, ingawa kamba zilikuwa zimekazwa na kupitia dirishani aliwaona watoto wale wale mahali pale pale; akasikia injini iliyokwisha kung'olewa ikinguruma taratibu nyuma ya mlango, akahisi sakafu ikiinama na kuinuka, harufu ya tope ikapanda mpaka ikamkaa kooni, naye alipotaka kumshika baba mkono awatoe wote wawili, sauti ndogo, ya heshima, sauti ya mtu anayeogopa kusumbua, ikauliza kutoka pale palipolowa:

"Bado?"

"Bado kidogo," mzee akajibu kwa upole, na binti akaona maji yakipanda kwenye suruali yake kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi.

Mganga aliyeitwa alikuwa mama mmoja mtu mzima, mwenye miwani mizito na kikapu cha ubani. Alishuka ngazi, akasimama mbele ya benchi, akasikiliza. Kikapu hakukifungua. Alipopanda juu alisema hana wa kumfukuza mle ndani. Huyu ni abiria, anangoja afike. Mzee ndiye aliyempakia, na ndiye anayemjibu, basi kila siku abiria anayongoja inatoka mwilini mwa mzee, na mwili huo haujabakiza nyingi.

"Mfikisheni," alisema. "Mengine mimi siyaoni."

Binti akampigia mnunuzi simu, akamwambia bei aliyotaja inatosha, ila avute kivuko haraka, na baba yake awemo ndani.

Boti la kuvuta lilikuja asubuhi. Mzee alikuwa ametoa kofia yake ya kazi kwenye msumari ukutani, ameipiga brashi. Waliondoka vizuri, baba na binti ndani ya Bibi. Lakini walipofika katikati, pale alipogeuza siku ile, kamba ilikaza ikalia, boti likakoroma bila kusogea, maji yaliyozunguka yakatulia kama ya ndooni, na kutoka chini, si mara moja sasa bali tena na tena, bila kupumzika, bila kupaza sauti, likaja lile swali, bado, bado, bado, mpaka mnunuzi aliyekuwa usukanini mwa boti akaacha utani wake na kuanza kusoma dua, na binti akamwona baba yake ametazama nyuma, upande wa nyumbani, kama mtu anayengoja kuamriwa.

"Baba," alimnong'oneza, "safari hii hakuna wa kukuamuru. Twende mbele."

Mzee akageuza uso. Kamba ikalegea. Wakasogea.

Ng'ambo, Bibi alipogusa mchanga, mzee alishuka ngazi peke yake. Binti alimsikia akiyasema maneno. Kisha nyayo zikatokea kwenye ubao wa kushukia, ndogo, za miguu mitupu, zilizolowa. Zikashuka moja moja, zikaingia mchangani, zikaishia hapo. Benchi lilikuwa limekauka. Mzee alilia kwa muda mrefu, na alipomaliza akauliza kama kuna chakula.

Walirudi kwa gari, kwa njia ya daraja. Usiku alilala fofofo, mikono yake ina joto.

Asubuhi binti alifungua duka akiimba. Akafunua cherehani, akatundika gauni la mteja, akavuta pazia mwanga uingie. Ndipo akaliona benchi la wateja, lile la mbao karibu na mlango unaotazama gati.

Lilikuwa limelowa. Upana wa mtu mmoja, magoti pamoja.

Hakuna aliyewahi kumwona akirudi, lakini kila asubuhi alikuwa upande huu, tayari kupanda. Nje, gati lilikuwa tupu, vigingi vitupu, maji matupu mpaka ng'ambo.

"Bado?" ikauliza ile sauti ndogo, ya heshima.

Mlango wa ndani ulifunguka. Mzee alisimama na kikombe chake cha chai, rangi imeshamrudi usoni. Alilitazama benchi. Akaweka kikombe chini, na mkono wake, bila haraka, ukaenda kwenye msumari wenye kofia.

Binti akamwahi. Akaitoa kofia, akaishika kifuani, akageukia benchi kabla baba yake hajafungua kinywa.

"Bado kidogo," alisema.

Maji yakamgusa vidole vya miguu, ya baridi, yakaanza kupanda kwenye pindo la gauni lake.