Nyimbo Saba za Bi Kazija

Haya yalimkuta Bi Kazija, jirani yetu wa Kilwa Kivinje. Mengi nimeyasikia kinywani mwake mwenyewe, siku ambazo bado alikuwa anakubali kuyasema.

Jumapili ile alikunywa chai, akakunja doti mbili za khanga, akapanda basi la Lindi kwenda kurekodi albamu. Ana miaka sitini na saba. Ujana wake wote aliimba Singino Jazz, bendi iliyochezesha watu kuanzia Kilwa Masoko hadi Lindi mjini, ila haikuwahi kurekodi hata wimbo mmoja. Wenzake wengi wameshazikwa. Waliobaki ni Laurenti, mpiga gitaa, Mmatumbi wa Kipatimu, na Mwanahija, shoga yake, aliyekuwa akimwitikia jukwaani miaka kumi na minne.

Rai ya albamu ilikuwa ya huyo Mwanahija.

"Shoga, nyimbo zako utazikwa nazo," alimwambia kwenye simu. "Njoo, utalala kwangu hapa Lindi, Mtanda. Mwalimu Edwin ana vyombo vya kurekodia."

Edwin ni mwalimu wa kwaya, mtu mzima mwenye wajukuu. Chumba chake kimoja alikuwa amekitandika magodoro ukutani ili honi za bodaboda zisiingie kwenye kazi. Jumatatu asubuhi walianza na "Barua ya Masoko", wimbo ambao Bi Kazija aliutunga akiwa na miaka ishirini. Koo lilifunguka, akashangaa mwenyewe. Laurenti alitabasamu juu ya nyuzi. Mwanahija alikaa kwenye kiti pembeni, midomo ikifuatisha kila neno bila kutoa sauti. Kila mwisho wa ubeti alimeza mate.

Alasiri, akifua uani, Bi Kazija alitaka kuuvumisha ule wimbo puani. Haukuja. Maneno hayakuja, wala mahadhi yake hayakuja.

"Mwanahija, ule wa asubuhi unaanzaje?"

"Uzee huo, shoga," Mwanahija alicheka. "Pumzika, utakuja wenyewe."

Haukuja. Kesho yake walirekodi nyimbo mbili, na kabla ya jioni zote mbili zilikuwa zimetoka kichwani. Jumatano mbili tena. Alhamisi mbili. Alikuwa anayasoma majina ya nyimbo zake kwenye daftari la Edwin kama anasoma majina ya watu asiowajua. Mahali pa kila wimbo palikuwa kama pengo la jino: ulimi unaenda, haukuti kitu. Aliona haya kuwaambia watu kwamba akili inamwacha.

Ijumaa asubuhi Mwanahija alisema atabaki nyumbani kupika. Wakaenda wawili tu, yeye na Laurenti. Edwin akasema kabla ya kuendelea wasikilize kwanza zile saba. Akabonyeza.

Gitaa lilikuwa la Laurenti. Sauti haikuwa ya Bi Kazija.

Edwin akasimamisha, akarudia mwanzo. Ile ile. Akafungua wimbo wa pili. Wa tatu.

"Mama, jana ilikuwa wewe," alisema polepole. "Nilikusikia kwa masikio yangu."

Laurenti aliliweka gitaa sakafuni.

"Huyo ni Mwanahija," alinong'ona. "Mwanahija wa ujana."

Bi Kazija alimtazama. Wamejuana miaka hamsini. Aliona macho yanamkwepa, akajua lipo neno.

"Sema, Laurenti."

"Dada, nisamehe."

"Sema."

Akasema. Zamani, bendi ikiwa bado hai, Mwanahija alimwomba ampeleke kwa mtu mmoja kule milimani kwao. Laurenti alimpenda, akampeleka. Alidhani ni dawa ya koo. Yule mtu akasema sauti ya mwimbaji ukumbini haichukuliki, inatawanyika hewani. Subiri, alisema, mpaka siku itakapofungiwa ndani ya kitu. Siku hiyo utaweka ya kwako, utachukua ya kwake.

"Ulijua," alisema Bi Kazija. "Ukaja na gitaa lako. Ukanipigia nyimbo zote saba."

"Nilidhani ni maneno ya kale tu."

Alijitanda khanga, akatoka.

Nyumba ya Mwanahija ilikuwa kichochoro cha pili. Kabla hajaufikia mlango alisikia mtu anaimba jikoni. Alisimama. Ilikuwa sauti yake. Si hii ya leo yenye mikwaruzo. Ile ya miaka ishirini, ile ambayo wanaume walikuwa wakiiacha bia mezani wakaja kuisikiliza karibu. Wimbo hakuujua. Alipolisikia neno Masoko ndipo alipojua ni wimbo wake.

Mwanahija alikuwa ameketi kwenye mbuzi, anakuna nazi. Alimwona, akanyamaza. Mikono iliendelea kukuna.

"Kwa nini, shoga?"

"Nyuma yako, Kazija. Maisha yangu yote nyuma yako." Hata kunong'ona kwake kulikuwa kwa sauti ya Bi Kazija. "Siku ya harusi yangu walikuomba wewe uimbe. Harusi yangu mimi. Nikakaa na hina yangu mkononi, wote wamekugeukia wewe."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Nipe?"

Nazi ilikuwa imeisha, mbuzi sasa inakuna kifuu.

"Nyimbo zangu nazirudisha kwangu," alisema Bi Kazija. "Namwambia Edwin azifute."

Hapo ndipo Mwanahija alipoinuka. Nazi iliyokunwa ilimwagika. Alimshika mkono, na vidole vilikuwa vya baridi.

"Usizifute. Ya kwangu nimeiweka mle, mahali pa yako. Ukiifuta sina pumzi. Naomba, Kazija. Tumekula sahani moja."

"Tumekula," alisema Bi Kazija. Akautoa mkono wake.

Aliniambia njia nzima alikuwa na nafasi ya kugeuka. Alipita duka la mchele. Alisalimiwa shikamoo na watoto wa madrasa, akaitikia marahaba. Aliingia kwa Edwin, akaketi.

"Futa."

"Zote?" Edwin aliuliza.

"Moja moja."

Wa kwanza ulifutika. Maneno ya "Barua ya Masoko" yakamrudia kifuani kama maji ya moto. Wa pili. Wa tatu. Laurenti alikuwa anasali kwa midomo mikavu. Wa sita. Mbwa wa mtaani akaanza kubweka, kisha akaacha ghafla.

Edwin alimtazama. Wa saba.

"Futa," alisema Bi Kazija.

Walimkuta Mwanahija jikoni, amelala ubavu, mdomo wazi. Hakuwa na jeraha. Alizikwa siku ile ile baada ya alasiri. Bi Maftaha, mwoshaji, ameosha maiti Mtanda tangu sijazaliwa, lakini siku ile alitoka na uso umempauka. Alisema walipomfunga kidevu, maiti alikuwa bado anavuma. Si hewa ya tumboni. Wimbo. Uliendelea mpaka alipomaliza kumziba pamba kooni, puani na masikioni.

Bi Kazija hakuingia kuosha. Alikaa uani na wanawake wengine, hakugusa uji wala maji. Laurenti alikuwa ameshapanda gari la Kilwa bila kuaga. Albamu haikutoka.

Jua lilikuwa linakaribia kuzama, wanaume wamerudi kutoka makaburini kitambo, alipotaka kuhakikisha. Aligeukia ukutani, akaanza kuuvumisha wimbo wake taratibu.

Ulikwama.

Akakohoa. Akakohoa tena. Kitu kilikuwa kimekaa kooni. Aliingiza vidole viwili mpaka ndani, akakivuta. Kilikuja kirefu. Kilikuwa laini.

Bonge la pamba nyeupe, limelowa, linanuka karafuu maiti.

Bi Maftaha alisogea, akainama, akaligusa kwa ncha ya kidole. Akaurudisha mkono wake upesi.

"Hii nimeichana mimi," alinong'ona. "Leo adhuhuri."