Glasi Nambari Kumi na Saba

Foleni ya mkate wa soseji ilikuwa imesonga, lakini Maite Oyarzún hakujua. Alikuwa amefumba macho, pua juu, koti lake jekundu la sufu limefungwa hadi kidevuni.

"Dada, unasali au umelala?" sauti ikamuuliza kutoka nyuma.

"Nanusa. Mchomaji ametumia kuni mbichi."

"Na mimi nanukaje?"

Akafumbua jicho moja. Aliona kijana mrefu, mwembamba kama mpini wa ufagio, amevaa ovaroli ya fundi wa majiko, theluji bado iko mabegani.

"Oili, kitunguu, na shayiri iliyokaangwa. Wewe unapika bia nyeusi."

Braulio Ferragut akacheka hadi watu wakageuka. Alikuwa akipika bia gerejini kwake, mtaa wa juu kabisa wa Bariloche, mji wa milimani kule Argentina, na hakuwahi kukutana na mwanamke aliyemsoma kwa pua. Soseji walikula pamoja.

Tangu siku hiyo kila Alhamisi jioni walikaa jikoni kwa Braulio, chupa za bia nyeusi za wapikaji wengine wa mji zimepangwa mezani, Maite akitoa alama kati ya hamsini.

"Hii?"

"Thelathini na moja. Inaanza kama harusi, inaishia kama kikao cha wapangaji."

"Na hii?"

"Hii imevaa suti ya kukodi, Mnene wangu. Tena inabana."

Alimwita Mnene kama wapenzi wa kule wanavyoitana, hata mtu awe mifupa mitupu. Lakini bia ya Braulio mwenyewe aliinywa bila kuipa alama. "Ya nyumbani haifanyishwi mtihani," alisema, akimbusu shavuni.

Jambo hilo lilimkera Braulio kuliko alivyoonyesha. Alitaka alama ya Maite kuliko kikombe cha ushindi. Kwa hiyo Agosti, bila kumwambia, akapeleka bia yake kwenye shindano ambalo Maite alikuwa jaji. Glasi hazikuwa na majina, namba tu. Yake ilikuwa kumi na saba.

Mchana karatasi za majaji zikagawiwa kwa wapikaji. Rafiki mmoja akamnyang'anya Braulio ile ya Maite, akaisoma kwa sauti ukumbini: "Kumi na tisa kati ya hamsini! 'Majivu matupu. Nani amezima moto wa nyama kwa bia, halafu akaichuja?'"

Ukumbi ulivunjika mbavu. Karatasi za majaji wengine wawili zilimsifu, ila Braulio hakuzigusa. Alimfuata Maite hadi mlangoni.

"Kumi na saba ni yangu."

Maite akashika mdomo. "Mungu wangu! Mnene, sikujua."

"Ndilo linaloniuma. Umeinywa jikoni kwangu miezi minne. Hukunitambua?"

Hakungoja jibu.

Wiki mbili Maite alipiga simu, Braulio hakupokea. Siku ya kumi na tano akapokea.

"Unataka nini?"

"Kukusikia. Umekula?"

"Nimekula majivu," akajibu, akakata.

Maite alilia, kisha akafuta uso na kukasirika, kwa maana yeye hakuwa mtu wa kushindwa na chupa. Alikuwa na moja ya bia ya Braulio kabatini. Akaifungua. Ilikuwa na chokoleti, na mkate ulioungua kidogo pembeni, na utamu unaochelewa. Majivu hayakuwepo kabisa.

Akatafuta kwenye simu picha za karatasi zake za siku ile. Glasi kumi na moja: moshi. Kumi na nne: moshi. Zote saba alizoonja: moshi, majivu, kuni. Hapo ndipo alipokumbuka kikombe cha yerba, ile chai chungu ya majani.

Kule watu hunywa yerba kwa kupokezana kikombe kimoja; kikikufikia unanyonya mrija na kukirudisha. Ukikikataa umemkataa aliyekupa. Asubuhi ile mgawaji glasi alileta yerba ya jimbo la Misiones, ile inayokaushwa juu ya moto wa kuni. Jaji haruhusiwi kugusa kitu kikali kabla ya kuonja, na Maite alijua. Aliona haya kukataa, akanyonya mara tatu.

Jumatatu alikuwa mbele ya mkuu wa majaji, Mama Irupé Sandoval.

"Nimewaonea watu saba. Moshi ulikuwa mdomoni mwangu."

"Binti yangu, nikiandika hivyo hutakaa meza ya majaji mwaka mzima. Hakuna aliyelalamika."

"Andika, mama. Na barua za kuwaomba radhi nitaziandika mwenyewe."

Barua iliyomfikia Braulio haikuwa na neno la mapenzi. Ilifanana na zile sita nyingine, na kwa sababu hiyo aliiamini. Akapiga simu.

"Njoo Jumapili mchana. Usinywe kitu."

Maite alifika amevaa gauni la kijani, midomo mitupu bila rangi. Mezani kulikuwa na glasi sita za bia nyeusi, zenye namba.

"Nitambue," Braulio akasema.

Maite alionja polepole, akinywa maji katikati. Akarudia zote mara ya pili. Braulio alisimama kando ya jiko, mikono kwapani.

"Hupo," Maite akasema hatimaye.

"Una hakika?"

"Mnene, hapa hakuna yako hata moja. Nitoe nje nikikosea, sitarudi."

Braulio akafungua dirisha, akachukua chupa iliyokuwa kwenye theluji ya kizingiti, akammiminia. Maite akaonja, machozi yakamtoka na kicheko juu yake.

"Alama?" Braulio akauliza.

"Arobaini na tisa."

"Hiyo moja imeenda wapi?"

"Wiki mbili hukupokea simu."

"Nioe basi, uendelee kunikata alama."

"Wewe ndiye unayetakiwa kunioa, fundi!"

"Haya. Nakuoa."

"Sawa," Maite akasema, akavuta kiti. Braulio, kwa mazoea, akamnyooshea kikombe chake cha yerba.

Maite akakisukuma kando kwa kidole. "Sitaki. Bado nina ladha yako."