Rasta Iliyopungua

Jua la alasiri lilikuwa linapungua makali Msusi alipotoka kwake na mkoba wa vitana, amevimba kwa hasira. Mlinzi wa getini alimfungulia bila kuinua macho kwenye simu. Msusi akamsalimia. Hakujibiwa. Tangu ahamie jengo lile, salamu zake zote zilikuwa zinaishia hewani.

Alikotoka, wateja walimsubiri mlangoni tangu asubuhi. Ni yeye mwenyewe aliyejitia kiherehere cha kuhamia mtaa wa wenye nazo, penye mikahawa ya vioo na mbwa wanaooshwa kwa shampuu, akidhani huko ndiko kwenye vichwa vya kusuka. Vichwa vilikuwepo. Ila vilipita ndani ya magari yenye vioo vyeusi. Jirani yake wa mlango wa pili, mama mmoja mtanashati, walipanda naye lifti karibu kila siku, na kila siku yule mama alizikodolea macho namba za ghorofa kana kwamba yuko peke yake. Msusi ilimkera hadi rohoni. Alitaka kitu kimoja tu: ajulikane pale, hata na mtu mmoja, wateja wapatikane. La sivyo angerudi kulala sebuleni kwa dada yake, na masimango ya dada yake aliyajua yote kwa moyo.

Ndiyo maana mwanamke mmoja asiyemfahamu alipompigia simu na kumnong'oneza nyumba ilipo, hakuuliza mengi.

Ilikuwa mwisho wa barabara yenye miti. Mlango uko wazi. Akabisha hodi.

"Pita... niko huku."

Mteja alikuwa amekaa kitini, amempa mgongo, ameelekea ukuta. Nywele nyingi, zimeshachanwa. Rasta za kusukia zimepangwa mezani, na birika la maji ya moto linafuka mvuke. Hakugeuka. Msusi akasonya kimoyomoyo. Hata anayeshikwa kichwa haoni haja ya kumtazama anayemshika. Lakini kazi ni kazi. Akasimama nyuma yake, akaanza mistari minene ya kwenda kisogoni.

Ngozi ya kichwa ilikuwa baridi. Baridi ya sakafu. Na chumba kizima kilinuka udongo uliolowa, ilhali mvua haikuwa imenyesha...

Alimsemesha, kama wasusi wanavyofanya. Akamuuliza kama anafahamiana na majirani.

"Hapa hakuna anayemjua mtu," mteja alinong'ona. "Ndiyo maana nilipapenda."

Maneno hayo yalimgusa Msusi palepale panapomuuma. Akajikuta anamwaga yote ya moyoni: mlinzi, mama wa kwenye lifti, dada na sebule yake. Mteja alisikiliza vizuri. Vizuri mno. Akauliza jengo ni lipi. Akauliza huyo mama anakaa mlango upi. Msusi alijibu kila kitu, mikono ikienda, akifurahi kwamba hatimaye kapata mtu wa kumsikiliza.

Giza lilipoanza kuingia, ulikuwa umebaki mstari mmoja. Akapapasa mezani. Rasta zimekwisha.

Msusi anayejiheshimu haachi kichwa na pengo. Naye siku hiyo alikuwa amesuka rasta za rangi ileile. Akafanya kama alivyozoea kuwafanyia wateja wake wa zamani, bila hata kufikiri: akafumua moja ya zake, nyuma ya sikio, akaivuta. Ikatoka na nywele zake kadhaa zimeng'ang'ania humo.

Mteja akakaza shingo.

"Umenipa mwenyewe, kwa hiari yako?"

"Nimekupa, dada yangu. Tumalize."

Akaisuka hadi ncha. Akachemsha tena birika, akaliinua azimwagie ncha maji zisifumuke, mkono ukateleza, maji yakamwagika yote shingoni kwa mteja. Maji ya kuchemka.

Hakushtuka.

Akageuka taratibu, anatabasamu... na juu ya unyusi wa kushoto alikuwa na kovu dogo. Msusi alilijua kovu hilo. Aliliona kila asubuhi kwenye kioo, tangu utotoni alipoangukia ndoo.

Birika likaanguka.

Alikimbia hata asijue anapita wapi, akapotea njia karibu saa nzima, mkoba kauacha hukohuko. Alipofika getini anahema, mlinzi akainua macho. Kwa mara ya kwanza.

"Unamtafuta nani?"

Alimwambia anaishi hapo, ghorofani, ni yule msusi. Mlinzi akatikisa kichwa. Yule msusi kashapanda juu, akasema, tena leo alisimama wakaongea, akamuuliza hadi hali ya watoto wake. Msusi akamsihi amtazame usoni vizuri. Mlinzi akamulika tochi, akamtazama kwa haki kabisa, akashindwa kumtambua.

Mara, ng'ambo ya geti, mlango wa lifti ukafunguka, akatoka yule mama jirani, nywele kazifumua tayari kwa kusukwa. Msusi akajibana getini, akashika vyuma.

"Mama, si tunapanda lifti pamoja?"

Yule mama alimtazama kuanzia juu hadi chini, bila haraka.

"Msusi nimemwacha ndani kwangu sasa hivi, ananisubiri ninunue rasta," akasema. "Ni mtu mzuri ajabu, sijui kwa nini hatukuzungumza siku zote. Huyu simjui."

Msusi akafungua mdomo ataje jina lake. Likamponyoka... Halikuwepo.

Mlinzi akamwomba arudi nyuma kidogo, kisha akafunga geti polepole, kwa adabu ambayo hakuwahi kumwonyesha.