Mchanganyiko wa Baba Clara

Kule Chanika, ukimtaja Revelian, kila mtu anajua unamsema fundi tofali. Saa kumi na mbili asubuhi ameshashika koleo. Anafyatua tofali huku anaimba. Anaimba vibaya, lakini nani atamwambia? Fundi anayekujengea nyumba humchokozi.

Wiki ile mkewe, Genoveva, alisafiri kwenda Bukoba. Dada yake alikuwa amejifungua. Kabla ya kupanda basi alimshika mumewe bega.

"Baba Clara, mtoto hatoki nje bila losheni yake ya jua. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Hebu rudia."

"Hatoki bila losheni. Jamani Mama Clara, kwani mie mtoto?"

Binti yao Clara alikuwa na miaka minane. Alizaliwa na ualbino. Ngozi yake haina rangi ya kutosha kuzuia jua, kwa hiyo jua dogo tu linamuunguza. Lakini mikono ya mtoto huyo, weee! Alipiga ngoma kwenye meza, kwenye ndoo, hata kwenye mgongo wa baba yake. Mwalimu Apolinari alipomsikia, alimkabidhi ngoma kubwa ya bendi ya shule. Jumamosi kulikuwa na mahafali ya darasa la saba, na Clara ndiye angetangulia mbele ya bendi kupokea wageni. Mama yake naye angefika asubuhi hiyohiyo. Mtoto alihesabu siku kwa vidole.

Jumanne asubuhi Revelian aliminya chupa ya losheni ya Clara. Likatoka tone moja. Akaminya tena, ikakoroma tu. Na siku hiyo kulikuwa na mazoezi ya bendi uwanjani.

Revelian hakutishika. Mezani kwa mkewe kulikuwa na losheni nyingine ya jua, ya Genoveva mwenyewe, inayonukia maua. Akaiminya yote kwenye bakuli. Akaona ni nzito, tena ni kidogo. Kazini kwake, mchanganyiko ukiwa mzito unalainishwa. Basi akamimina mafuta ya nazi, akakoroga kwa kijiko, akajisifu.

"Hii inatupeleka mwezi mzima!"

Alipompaka Clara usoni, mtoto aliruka.

"Baba, macho! Macho yanawaka!"

"Vumilia, mwanangu. Dawa nzuri lazima iume kidogo."

Clara alirudi mchana. Shingo nyekundu. Masikio mekundu, hayagusiki. Alisimama mlangoni akiwa hata hataki kuvua begi.

"Mwalimu amesema nikiwa hivi, Jumamosi nitakaa darasani. Ngoma atapiga Isack."

Hapo ndipo alipoangua kilio. Revelian alisikia uchungu mkubwa. Kosa ni lake, na alilijua. Alimshika mtoto mkono, akabeba bakuli na zile chupa mbili tupu, wakavuka barabara kwenda kwa Bi Mwanaasha.

Bi Mwanaasha ni muuguzi wa kliniki ya ngozi. Walimkuta uani kwake, amekaa kwenye mbuzi, anakuna nazi.

"Hodi!"

"Karibuni."

"Shikamoo, Bi Mwanaasha," alisema Clara huku akifuta machozi.

"Marahaba, mpiga ngoma wangu. Haa! Masikio haya yamefanywa nini?"

Aliacha nazi, akanawa mikono, akamchunguza polepole. Kisha akalowesha kitambaa safi kwa maji ya baridi, akamwekea shingoni.

"Tushukuru, hakuna malengelenge. Lakini mpaka Ijumaa mtoto huyu asichomwe na jua. Mazoezi afanyie ndani. Msimsugue anapooga. Akitoa malengelenge au homa, mleteni kliniki haraka. Sasa niambie, Baba Clara, ulimpaka nini?"

Revelian alisogeza bakuli na chupa ya mkewe, akaeleza yote kwa aibu. Bi Mwanaasha akanusa.

"Mh! Ulikuwa unampeleka shule au unampeleka kwa bwana harusi?"

Hata Clara alicheka kidogo.

"Soma hiyo chupa ya mkeo. Kinga ya jua namba ngapi?"

"Kumi na tano."

"Na ile ya Clara?"

"Hamsini."

"Umeona? Namba hiyo inakwambia kinga ina nguvu kiasi gani. Mwenye ualbino anataka thelathini au zaidi, na hamsini ndiyo bora. Pia chupa iseme inazuia miale yote miwili, UVA na UVB. Halafu hii ina manukato. Ngozi ya mtoto ni laini, manukato yanaiwasha. Yakiteremka machoni ndiyo kilio kile."

"Mie nilidhani losheni ya watoto ndiyo dhaifu," alisema Revelian. "Nikasema ya mtu mzima itakuwa kali, itamlinda zaidi."

"Wengi wanadhani hivyo. Ya mtoto si dhaifu, ni pole. Tafuta isiyo na manukato, wala dawa ya kung'arisha ngozi. Iwe na zinki oksaidi au titaniamu dioksaidi. Hizo haziwashi sana. Zinaacha weupe kidogo, lakini weupe hauumi. Mtu mzima akipaka ya mtoto, hana shida. Ila ya mtu mzima usimpake mtoto kabla hujasoma chupa."

"Na mafuta ya nazi?"

Bi Mwanaasha alimtazama fundi.

"Baba Clara, mfuko mmoja wa saruji ukiuchanganya na mchanga wa mifuko ishirini, unapata nini?"

"Unapata tofali la kuvunja kwa kidole."

"Basi hilo ndilo ulilompaka mwanao."

Revelian akashika kichwa. "Lo! Nimejua sasa."

"Ngoja, bado. Tofali ukishalifyatua, unalimwagilia mara moja?"

"Mara moja? Linapasuka! Namwagilia asubuhi na jioni, siku saba."

"Losheni nayo hairidhiki na mara moja. Mpake nusu saa kabla ya kutoka. Kila baada ya saa mbili, mpake tena. Akitoka jasho jingi, mpake tena. Usimbanie. Na usisahau masikio, shingo, nyuma ya mikono na juu ya miguu. Halafu kofia pana, miwani ya jua na mikono mirefu. Losheni peke yake haitoshi. Kuanzia saa nne mpaka saa kumi, kivuli ndiyo rafiki yake."

"Na yule mtoto mchanga wa Bukoba? Mama Clara asije akampaka losheni."

"Chini ya miezi sita, mtoto anakingwa kwa kivuli na nguo. Umeuliza la maana, fundi."

Clara alivuta kanga ya Bi Mwanaasha.

"Hiyo nyingine itaniuma macho?"

"Kwanza tutaijaribu mkononi, mahali pasipoungua. Tukimaliza siku nzima bila kuwashwa, ndiyo yako."

Kesho yake Revelian alisimama kwenye duka la dawa akisoma chupa moja baada ya nyingine, kwa sauti, kama msoma habari. Alisoma namba. Alisoma tarehe ya kuisha muda. Watu wakamcheka, yeye akaendelea kusoma. Bi Mwanaasha naye alizungumza na Mwalimu Apolinari. Wakakubaliana kwamba bendi itaingia saa tatu, kisha watoto wote watakaa chini ya turubai.

Jumamosi asubuhi wekundu ulikuwa umekwisha. Clara alijipaka mwenyewe, baba akisimamia.

"Masikio?"

"Tayari."

"Juu ya miguu?"

"Tayari. Na wewe je, Baba? Unashinda juani kila siku."

"Mie na jua tumezoeana."

"Bi Mwanaasha alisema mtu mzima akipaka ya mtoto hana shida. Kaa chini."

Fundi alikaa. Siku hiyo alikwenda kwenye mahafali na masikio meupe.

Saa tatu kamili ngoma ililia, du-du-du! Clara alitangulia, kofia pana kichwani, mikono mirefu, miwani usoni. Wageni waliinuka kwenye viti. Getini akatokea mama mmoja na mkungu wa ndizi, vumbi la safari miguuni, akapiga vigelegele mpaka kanga ikamdondoka. Alikuwa Genoveva.

Saa nne na nusu Clara alimwendea baba yake chini ya turubai.

"Baba, saa mbili zimepita tangu tulipopaka."

Genoveva alimkagua mtoto shingo, masikio na mikono. Hakuona wekundu wowote. Akamgeukia mumewe, macho yakimmeremeta.

"Hongera, Baba Clara. Kumbe naweza kukuachia mtoto."

Revelian alivimba kifua njia nzima mpaka nyumbani. Genoveva aliingia chumbani kubadili nguo. Akatazama mezani kwake.

"Baba Clara! Losheni yangu iko wapi?"

Revelian alishika koleo. "Jamani, matofali sijayamwagilia!" Akatoka mbio. Clara alivuta ndoo kivulini, akampigia baba yake ngoma ya kumsindikiza.