Nafasi ya Mkasi

Treni ilikuwa imeshaanza kujivuta ndipo ikajulikana kuwa picha imebaki nje na wenye picha wako ndani. Mchoraji alikimbia kando ya mabehewa, bomba la karatasi ngumu lenye picha ndani liko kwapani, viatu mkononi, gauni lake la njano kalipandisha mpaka magotini. Familia iliyoagiza picha ilimwona dirishani, ikampungia mikono kwa furaha, ikidhani amekuja kuiaga.

Mbele yake mwanamume mrefu mwenye shati la buluu alikuwa ndiyo kwanza ameweka mguu kwenye ngazi ya behewa. Mchoraji alimsukumia lile bomba akamwonyesha dirisha. Yule bwana hakuuliza. Alishuka, akatimua mbio, akalitupia bomba ndani, likatua mapajani mwa mama mtu. Alipogeuka, behewa la mwisho lilikuwa linampita.

"Dada," alisema akihema, "ile ndiyo ilikuwa treni yangu."

"Nimeona."

"Na begi ninalo mgongoni, kwa hiyo hata mzigo haujapotea. Sasa nikukasirikie kwa lipi?"

"Huna la kunikasirikia. Twende nikununulie chai."

Kwenye chai wakajuana. Yeye alikuwa fundi wa fremu, safari yake ilikuwa ya kutafuta mbao. Mchoraji naye alichora familia za watu kwa mzaha. Walimtumia sura zao, yeye akawapeleka likizo: baba anayeogopwa ofisini anaelea baharini ndani ya boya lenye kichwa cha bata, mama mkwe anakimbiza kofia, paka kashika mwavuli. Fundi alicheka hadi chai ikampalia. Tangu siku hiyo fremu za Mchoraji zikawa zinatoka kwa fundi mmoja tu, na fundi huyo akawa anampigia simu kila asubuhi.

"Umeamka, Rangi?"

"Mimi nimeamka. Mkono bado umelala."

"Ukiamka uambie nausalimia."

Siku moja mteja alimletea Fundi picha ya familia iliyochorwa na Mchoraji apunguze, maana mkwe alikuwa ameondoka na harudi. Fundi alishangaa jinsi kazi ilivyokuwa nyepesi. Yule mkwe alisimama mwishoni kabisa, hagusani na mtu, na kati yake na wenzake palikuwa na ukanda mweupe kama ulioachwa kwa makusudi. Akamuuliza Mchoraji. Mchoraji akajibu kwa majivuno kuwa ndivyo afanyavyo kwa wachumba na wakwe wapya wote: pembeni, na nafasi ya mkasi. Mambo yakiharibika unakata, waliobaki wanaendelea na likizo yao.

"Una roho ngumu," Fundi alisema akicheka.

"Nina wateja."

Fundi alipopelekwa nyumbani kwa kina Mchoraji, alikaribishwa vizuri. Bibi alimuuliza kama anajua kucheza muziki. Aliposema hajui, akaambiwa basi atabeba viti. Alibeba. Akarekebisha na mlango uliokuwa unalia. Mama na Bonge, kaka yake Mchoraji, wakasema picha ya familia ya mwaka ule lazima awemo.

Mchoraji aliichora kwa raha. Bibi juu ya baiskeli ufukweni. Mama kafukiwa mchangani mpaka shingoni, bado anatoa amri. Bonge anagombania mkate na kaa. Na Fundi, kaptura ya maua, mwavuli begani. Akaipeleka karakana mwenyewe, amejipaka wanja, amevaa lile gauni la njano.

Fundi alitabasamu kwa kila mmoja, mpaka alipojifikia. Akachukua rula yake ya chuma, akaisimamisha kati yake na Bonge. Ilikaa bila kumgusa mtu.

"Nimeingia vizuri," alisema. "Na kutoka nitatoka vizuri."

Mchoraji aliinama akaangalia. Kweli hakuwa ameiona ile nafasi. "Ni mkono tu. Umezoea."

"Najua. Ndiyo maana nauamini kuliko mdomo."

Simu za asubuhi zikakoma. Akipiga Mchoraji, Fundi alijibu kwa adabu iliyomchoma kuliko matusi.

"Fremu iko tayari."

"Sikukupigia fremu."

"Basi sina kingine kilicho tayari."

Mchoraji akaenda kumlilia Bibi, akitarajia kutetewa. Bibi alimkumbusha picha ya utotoni, ya kwanza kuchora: baba yake yuko katikati, kawabeba wote. Baba alipohama, mama alishindwa kumkata bila kujikata mwenyewe, picha ikakunjwa, ikatupwa juu ya kabati.

"Tangu hapo unachora ukiwa na mkasi mfukoni," Bibi alisema. "Mimi humo ndani bado nacheka, mjukuu wangu. Hakuna aliyenikata. Nenda unishushe, nimechoka na vumbi."

Mchoraji alirudi mezani, akachora kwa wino moja kwa moja, bila penseli, bila pa kufutia. Akaikausha, akaipeleka karakana. Fundi alikuwa na vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Mchoraji akaweka picha, na juu yake mkasi.

"Nitolee huyu mtu wa katikati."

Fundi aliizungusha picha. Wa katikati alikuwa yeye mwenyewe. Bibi kamkalia mabegani, kamshika masikio kama usukani. Mguu wa Mama umechomoza mchangani mpaka mapajani mwake. Bonge kamwegemea mgongoni, anakoroma. Mchoraji kamshika mkono, vidole vimesukwa.

"Nikimkata huyu, Bibi anaanguka."

"Anaanguka."

"Mama anabaki na mguu mmoja. Na wewe sioni hata pa kuanzia."

"Hakuna. Nataka tuoane."

Fundi aliusogeza mkasi pembeni. "Hii itataka mbao nene," alisema. "Sitii mbao nene kwenye picha ya kupita."

Walioana. Bonge alisinzia kwenye sherehe. Mama alipanga viti upya, Fundi akavibeba. Ile picha yenye nafasi ya rula Fundi aliikata mwenyewe, akajibandika na mwavuli wake kwenye mlango wa karakana. Ya juu ya kabati ilishushwa, ikatundikwa ukumbini. Bibi alifariki baada ya miaka kadhaa. Kwenye picha bado ameshika masikio ya Fundi. Familia ya treni iliagiza picha nyingine. Mchoraji huacha nafasi ya mkasi kwa wanaoiomba. Wasioiomba huwabananisha.