Viza ya Lekha na Simu za Bindu

"Bindu ni nani?"

Sajeev alisimama mlangoni kama mtu aliyekanyaga msumari. Alikuwa anatoka banda la baiskeli, koti limelowa mvua, simu bado ina joto mkononi.

"Bindu yupi?"

"Usinirudishie swali. Ulipokuwa bafuni asubuhi simu yako iliwaka. 'Umeshamwambia mkeo? Usichelewe, nafasi haitakungoja.' Nafasi gani, Sajeev? Hii yangu kitandani?"

"Lekha, umejifungua juzi tu, umechoka. Huyo ni mtu wa kazini."

"Mtu wa ghala la vifurushi, hapa Eindhoven, anakuandikia Kimalayalam, lugha ya kwetu?"

Sajeev akajifanya anamsikia mtoto analia. Mtoto wala hakuwa analia.

Lekha alikuwa mhandisi. Kampuni ya mitambo ndiyo iliyomtoa Kerala, India, ikamleta Uholanzi kwa viza ya wataalamu, na Sajeev akaja nyuma yake kama mume, kwa mgongo wa viza hiyo hiyo. Kwao Kottayam alikuwa mwalimu wa fizikia, huku akafunga maboksi. Hakuwahi kulalamika. Ila tangu Lekha aanze likizo ya uzazi na kabinti kao Meenu kazaliwe, mwanamume aligeuka. Simu anapokelea bandani. Jikoni ananong'ona na mama yake, Amma, aliyekuja kumkanda mzazi na kumpikia. Lekha akiingia, kimya. Ikafika mahali Lekha anakunywa uji wa mkwewe huku jicho moja liko kwa mpishi.

Na wimbo wa Sajeev ulikuwa mmoja tu.

"Viza yako imesimama kwenye mshahara. Ukiwa likizo mshahara unashuka, ukishuka viza inakufa. Watatutoa na kichanga mkononi. Si bora tuondoke wenyewe, kwa heshima zetu?"

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu anajua."

"Basi nimpigie Marloes nimuulize. Ndiye bosi wangu."

"Pumzika, mke wangu. Mambo ya ofisi niachie mimi."

Maneno matamu, lakini Lekha hayakumwingia. Mume anayekuhurumia hivyo, mbona hakutazami machoni?

Jumamosi mchana kengele ikalia. Sajeev akachungulia dirishani, rangi ikamtoka.

"Msifungue! Ni wachuuzi hao."

Amma alikuwa ameshafungua. Marloes akaingia, mrefu, nywele zinachuruzika maji, maua kwapani. Akapokewa kwa biskuti zilizonyunyiziwa vipunje vya sukari vya rangi ya waridi, kama wenyeji wa huku wanavyosherehekea kuzaliwa kwa mtoto wa kike. Akampakata Meenu, akacheka naye, kisha akashusha pumzi.

"Lekha, kusema kweli umetuvunja moyo."

"Mimi? Kwa lipi?"

"Ule ujumbe wako, kwamba likizo ikiisha hurudi tena, mnahamia India. Sijaupeleka kokote bado. Nikasema nije kwanza tuonane uso kwa uso, maana nikiupeleka, na viza yako ndiyo basi."

Biskuti ikamkatikia Lekha mkononi.

"Mimi sijakuandikia kitu, Marloes."

"Umetoka kwenye simu yako."

Sajeev ndiyo kwanza alikuwa anaingia na sinia la chai.

"Na likizo?" Lekha akauliza taratibu. "Si inaharibu viza?"

"Nani kakudanganya? Mshahara wako ni uleule, viza yako ni ileile. Kiti chako kinakungoja."

Lekha akamgeukia mumewe.

"Umeshika simu yangu nimelala. Nimelala na mwanao kifuani."

"Lekha, si mbele ya mgeni..."

"Mgeni ndiye aliyenitoa gizani! Sema. Bindu ni nani?"

Sajeev akaweka sinia chini.

"Ni mwalimu mkuu wa shule yangu ya zamani. Kuna nafasi ya fizikia, ananishikia. Hakuna mwanamke mwingine, naapa."

"Bora angekuwepo! Mwanamke ningemfukuza. Huu uongo nitaufukuzaje?"

"Huku mimi si mtu, Lekha. Kule wanafunzi wananiita mwalimu. Huku naitwa kwa namba."

"Ungenikalisha ukasema 'mke wangu, naumia', tungelia wote. Wewe umeninyonga usingizini. Wewe na mama yako na minong'ono yenu!"

Amma, aliyeyafuata yote kwa Kiingereza alichokipatia wodini Kuwait enzi za usichana, akafuta mikono kwenye sari.

"Mimi usinitie humo, binti yangu. Huyu kaniambia wewe mwenyewe ndiye unayelilia kurudi, nisikuulize nikakutonesha moyo. Nami kila siku jikoni nambana: mbona macho yake hayasemi hivyo?"

Kisha akamkabili mwanawe.

"Nilikuwa nesi, Sajeev. Mimba yako ilipoonekana, mwajiri akanirudisha nyumbani na sanduku moja. Sikuvaa tena sare ile. Miaka yote nimemlaani yule bwana. Leo mkeo kapata mwajiri anayemngojea, halafu wa kumrudisha nyumbani ni wewe, mwanangu wa kumzaa?"

Sajeev akakaa kwenye zulia, palepale, akalia kama mtoto.

Hakuna aliyembembeleza.

Alipomaliza, akamwambia Marloes kwa mdomo wake mwenyewe: "Ule ujumbe niliuandika mimi. Ufute. Mke wangu anarudi kazini." Kisha akampigia Bindu, simu ikiwa wazi watu wote wasikie, akakataa ile nafasi.

"Sijakusamehe," Lekha akasema.

"Najua."

"Ukitaka kwenda Kottayam, mlango huo. Mimi na Meenu tunabaki."

Hakwenda. Akahamia sebuleni kulala, akaomba zamu za jioni tu ghalani, asubuhi akaingia darasa la Kiholanzi, kwa sababu aligundua hata huku shule zinalilia walimu wa fizikia, mradi wajue lugha. Lekha alimtazama wiki baada ya wiki, haamini, anapima. Siku mbaya alimkumbusha yote. Sajeev alisikiliza, hakujitetea.

Likizo ikaisha. Siku ya kwanza kazini, mchana, mlinzi wa getini akampigia Lekha.

"Kuna bwana hapa kalowa chapachapa, kabeba mtoto ndani ya koti. Nimemuuliza ana miadi na nani, anajibu kwa Kiholanzi cha kuchekesha kwamba mtoto ndiye mwenye miadi, yeye ni dereva tu."

Lekha akashuka ngazi mbiombio. Sajeev alikuwa anatetemeka, Meenu mkavu kabisa.

"Amekataa chupa," akasema. "Kasema anamtaka mama mwenyewe."

Lekha akacheka, kicheko ambacho nyumba yao ilikuwa imekisahau. Akampokea mtoto kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamshika baba yake.

"Ingia na wewe," akasema. "Utapata homa."